Tulipiga Kura Alhamisi

Uchaguzi ulikuwa Jumanne,
lakini sisi wa Obunga tulipiga kura Alhamisi,
siku kumi na mbili kabla,
sebuleni kwa Dorsila, juu ya mikeka miwili,
leso zetu zingali zinanuka mafuta.

Odindo wa kampeni hakutujulia hali.
"Mgongo wazi mko wangapi?"
Nami katibu nikafungua daftari la mikopo:
mbele, nani anadaiwa,
nyuma, namba za vitambulisho.
Sitini na mmoja, nikasema.
Akaandika sabini.
Hao tisa sijui aliwavua ziwa gani.

Mgongo wazi, kama hujui,
ni samaki aliyekwisha kuliwa kabla hajafika kwako.
Kiwandani wanamchuna kushoto, wanamchuna kulia,
mnofu unapanda ndege,
kichwa na mifupa vinashuka kwetu kwa mkokoteni.
Tunakaanga kilichobaki,
na kilichobaki kimemfikisha Apondi wangu chuo cha ualimu.
Kwa hiyo jina hilo halituumi.
Ila lilivyotoka kinywani mwa Odindo
nilisikia kisu.

Alipoona tumenyamaza akasimama, akaghani:

    Mama zangu wa jikoni, mkaangao kwa moto,
    Moshi wajaa machoni, mwalea vyema watoto,
    Tangi laja mtaani, maji yaje kama mto,
    Nipeni kura kapuni, zote, mkubwa na mtoto.

"Mtoto hapigi kura," Yunia akaninong'oneza.
"Kina kimemlazimisha," nikamjibu.
Tukacheka ndani ya leso.

Ni kweli tangi lilikuja. Lita elfu tano,
uso wa mtarajiwa umebandikwa ubavuni,
akitabasamu kuelekea choo cha Dorsila.
Tukapewa na mia tatu tatu.
Vijana wa pikipiki walipewa fulana za kung'aa,
kwaya ikapewa kinanda,
na msiba wa juu kule ukapewa jeneza lenye kioo.
Jioni nilimsikia Odindo simuni, mguu mmoja garini:
"Mgongo wazi nimeshafunga. Sabini.
Bado kanisa."
Kama mtu anayeshona mdomo wa gunia.

Jumanne, saa kumi alfajiri, baridi ya ziwa,
tulitoka pamoja kama alivyoagiza.
Langoni mwa shule karani akatupanga kwa herufi,
na kundi likakatika:
Dorsila darasa la nne,
Yunia chini ya mti wa jakaranda,
mimi mlangoni pa maktaba isiyo na vitabu.

Kifaa kilikataa kidole changu gumba.
Mara tatu.
Mafuta ya miaka kumi na tisa yamekula mistari.
"Mama, huna alama," kijana akasema, kwa upole.
Wakanitafuta kwa namba, wakanipata,
mtu mmoja, kwa jina langu lote,
Wilkista Awuor Ogada,
wakanipa karatasi, wakanionyesha boksi la kadibodi
ambalo ndani yake hapaingii watu sabini.

Nilikaa humo kitambo.
Nilitia alama wapi?
Hilo hata Dorsila sijamwambia.

Jumatano fomu ikabandikwa mlangoni.
Mtarajiwa, shule nzima: ishirini na sita.
Odindo akaja na daftari lake,
akatutazama mmoja mmoja,
nasi tukatazamana,
na ndipo nikaona katika kila jicho haya yangu mwenyewe:
kila mmoja alidhani
msaliti alikuwa yeye peke yake.

Ijumaa lori likachukua tangi.
Likaacha duara la udongo uliofinyangika, nyasi zimekufa.
Pakavu, pamesawazika, upepo haufiki.
Nikasogeza jiko langu pale katikati,
nikamimina mafuta,
nikangoja yalie.